Wimbo ni Mali ya Nani?

Mwaka 1960 Mmarekani Chubby Checker aliimba wimbo wa twisti, na muda si muda vijana wa Nairobi nao wakawa wakinyonga viuno. Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka 1939, hakutaka kuwa mwigaji tu. Aliutia mwendo ule katika magitaa na maneno ya Kiswahili, hata akaitwa mfalme wa twisti. Mwaka 1968 mambo yakageuka: Waingereza wa kundi la The Tremeloes waliuimba wimbo wake, Helule Helule, ukafika nafasi ya 14 kwao.

Lakini wimbo wa Malaika ndio uliozua ubishi mkubwa. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliutia katika sahani ya santuri. Adam Salim wa Tanganyika naye alidai kuwa ndiye aliyeutunga. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba mwaka 1965, na Boney M mwaka 1981.

Huku Keumbu, mpigaji wa obokano aliimba mbele ya watu waliomjua yeye na baba yake. Nani angemnyang'anya wimbo? Sahani ni jambo jingine. Inasafiri bila mwenyewe, na fedha hulifuata jina lililochapwa juu yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo watungaji wengi walipopunjwa.

Fadhili na Kabaka walifariki mwaka mmoja, 2001. Ubishi juu ya Malaika ungalipo.