Korido ni Mahali pa Kukimbia

Goti langu la kushoto lina kovu nililolipata nikiwa darasa la nne, siku sakafu ilipokuwa imetoka kupigwa deki. Mwalimu wa zamu hakunipa pole. Alinyoosha kidole ukutani, palipoandikwa kwa rangi nyekundu: USIKIMBIE KORIDONI. Nilipokuja kuwa mfasiri ndipo nikajua kwamba neno lenyewe lilikuwa upande wangu.

Korido tumeipata kwa Waingereza, wao wakaipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Waitalia, ambao kwao "correre" ni kukimbia. Mwanzoni lilikuwa neno la ngome na kuta, na waliokimbia humo hawakuwa watoto. Mwaka 1527, askari wa Kaisari Charles V walipokuwa wakiupora mji wa Roma, Papa Clement VII aliponea kwenye ujia uliojengwa juu ya ukuta, kama mita 800 kutoka Vatikani hadi ngome ya Castel Sant'Angelo. Kule Florence, mwaka 1565, Giorgio Vasari alimjengea mtawala Cosimo wa Kwanza ujia wa juu kwa miezi mitano tu. Ulivuka mto Arno juu ya maduka ya daraja la Ponte Vecchio, mkubwa apite bila kukanyaga barabara ya watu.

Uingereza majumba ya zamani hayakuwa na korido. Chumba kilifungukia chumba, na aliyekwenda kwake alipita kwa wenzake. Ndiyo maana John Vanbrugh, aliyeanza kujenga kasri la Blenheim mwaka 1705, ilimbidi amfafanulie kwa barua mwenye nyumba, Sarah, mke wa Duke wa Marlborough, kwamba neno hilo ni la kigeni na maana yake ni njia ya kupitia, basi.

Siku hizi neno limerudia mbio zake. Wahifadhi wanapotaja korido za wanyamapori, mimi huandika ushoroba, neno letu la njia nyembamba. Ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ndio njia ya nyumbu na pundamilia. Pale hakuna maandishi mekundu ya kuwazuia. Kuna mashamba na nyumba zinazozidi kuubana. Mimi nilikatazwa kukimbia kwa sababu sakafu ilikuwa na maji. Wao wana kosa gani? Tuwaachie njia.