Hati za Lord Selkirk na Historia ya Bonde la Red River

Mwaka 1940 moto uliteketeza jumba la St Mary's Isle, karibu na mji wa Kirkcudbright kusini mwa Uskoti, pamoja na hati za Thomas Douglas, Lord Selkirk, aliyefariki mwaka 1820. Historia ya mto Red River, katika Kanada ya leo, ingalipoteza msingi wake mkubwa kama wahifadhi wa nyaraka wa Kanada hawakuwa wamekwisha kuzinakili. Nakala hizo ndizo alizotegemea Chester Martin katika kitabu chake cha mwaka 1916.

Selkirk naye alikuwa mwandishi. Katika kitabu alichotoa mwaka 1805 alitetea uhamiaji wa wakulima wa milima ya Uskoti, waliokuwa wakiondolewa mashambani ili kondoo wapate malisho. Mwaka 1811 Kampuni ya Hudson's Bay ilimpa ardhi ya kilometa za mraba 300,000 hivi, na mwaka uliofuata walowezi wa kwanza wakafika mtoni.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya hati hizo si habari za walowezi. Ni mabishano na mashitaka dhidi ya Kampuni ya North West, hasa baada ya mapigano ya Seven Oaks ya tarehe 19 Juni 1816, ambapo gavana Robert Semple na wenzake wapatao 20 waliuawa. Anayezisoma hana budi kukumbuka kwamba zilikusanywa na mtu aliyekuwa akijitetea mahakamani. Humo Mskoti ni yule aliyeshuka melini na jembe lake. Lakini Cuthbert Grant, aliyewaongoza Wametis siku ile, naye alikuwa mtoto wa Mskoti, mfanyabiashara wa manyoya. Damu ya Uskoti ilikuwa pande zote mbili za uwanja.

Hati yenye uzito kuliko zote ni fupi. Ni mkataba wa tarehe 18 Julai 1817, uliowapa walowezi ukanda wa maili mbili kila upande wa mto, kwa malipo ya ratili 100 za tumbaku kila mwaka kwa Wasaulteaux, na kiasi hichohicho kwa Wakri. Wakuu watano walitia alama za wanyama wa koo zao. Mmoja wao, Peguis, aliyewahi kuwasaidia walowezi katika njaa, alilalamika katika miaka ya 1850 kwamba ardhi hiyo haikuuzwa kamwe.