Kipaji au uthabiti: Mizani ya kuwapima malkia wa riadha nchini

MJADALA kuhusu ni nani mwanariadha bora wa kike kuwahi kutokea nchini Kenya haukosi wasemaji katika mikahawa ya katikati mwa jiji la Nairobi, wala katika matatu zinazopanda Barabara ya Ngong jioni. Mmoja hutaja rekodi, mwingine huhesabu medali, na kila mmoja huamini kuwa amemaliza maneno. Ukweli ni kwamba wawili hao huwa wanapima vitu viwili tofauti. Rekodi hudhihirisha upeo wa kipaji cha mtu katika siku yake njema kabisa. Medali zilizokusanywa kwa miaka mingi hudhihirisha jambo jingine, nalo ni uthabiti: uwezo wa kufika katika fainali mwaka baada ya mwaka, hali ya hewa iwe nzuri au mbaya, mwili uwe umechoka au umepumzika.

Mfano ulio wazi zaidi wa tofauti hiyo ni wa mbio za mita 800 kati ya Pamela Jelimo na Janeth Jepkosgei.

Jepkosgei ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wakati Jelimo alipotokea. Alikuwa ameshinda taji la chipukizi duniani mnamo 2002, dhahabu ya Jumuiya ya Madola mnamo 2006, na taji la dunia mjini Osaka, Japani, mnamo 2007 kwa muda wa dakika 1 na sekunde 56.04. Kisha, mnamo Aprili 2008, katika mchujo wa kuteua timu ya mashindano ya Afrika uliofanyika jijini Nairobi, msichana wa umri wa miaka 18 aliyezoea kukimbia mita 400 alijaribu masafa hayo ya mizunguko miwili na kutumia dakika 2 na sekunde 1.02. Huo si muda wa kutisha, lakini anayejua hewa ya Nairobi, jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hawezi kuudharau.

Yaliyofuata yalikuwa kama moto wa nyikani. Mei alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 55.76 mjini Hengelo, Uholanzi. Agosti 18 alitwaa dhahabu mjini Beijing kwa dakika 1 na sekunde 54.87, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa bingwa wa Olimpiki. Jepkosgei alimfuata kwa mbali katika nafasi ya pili. Siku 11 baadaye, mjini Zurich, Jelimo alitumia dakika 1 na sekunde 54.01, muda ambao wakati huo ulikuwa umewahi kupitwa na wanawake wawili pekee, Jarmila Kratochvílová na Nadezhda Olizarenko, tena katika miaka ya themanini. Msimu huo alishinda kila mkutano wa Golden League na kujizolea dola milioni moja za Marekani.

Mwaka mmoja baadaye, mjini Berlin, hakumaliza nusu fainali ya mashindano ya dunia. Jelimo alirejea mnamo 2012 na kushinda taji la dunia la ukumbini mjini Istanbul, na katika Olimpiki ya London mwaka huo alimaliza wa nne kabla ya kupandishwa hadi ngazi ya medali kufuatia kuadhibiwa kwa Mrusi Mariya Savinova kwa matumizi ya dawa za kututumua misuli. Hata hivyo, kasi ya 2008 hakuipata tena. Katika miaka hiyo hiyo Jepkosgei, ambaye hakuwahi kukaribia muda wa Zurich, alitwaa fedha ya dunia mnamo 2009, kisha akamaliza wa tatu mjini Daegu mnamo 2011, nafasi ambayo nayo ilipanda baada ya Savinova kupokonywa ushindi.

Basi nani bora kati yao? Iwapo swali ni nani aliyekuwa na kipaji kikubwa zaidi, jibu ni Jelimo, na sioni haja ya kubishana. Lakini kocha anayetafuta mtu wa kumtegemea kwa misimu mitano angemchukua Jepkosgei bila kusita. (Sisi tunaohariri kurasa za michezo hupendelea rekodi kwa sababu inaenea vyema katika kichwa cha habari. “Amaliza wa pili tena” hakimsisimui msomaji yeyote.)

Hali hii si ya riadha pekee. Wapo wakazi wa Nairobi walioonja mchezo wa kuteleza kwenye barafu katika ukumbi uliofunguliwa mnamo 2005 ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Katika mchezo huo, Mmarekani Michelle Kwan alitwaa mataji matano ya dunia kati ya 1996 na 2003, lakini dhahabu ya Olimpiki ilimponyoka mara mbili: mnamo 1998 ilikwenda kwa Tara Lipinski aliyekuwa na umri wa miaka 15, na mnamo 2002 kwa Sarah Hughes. Tofauti kubwa ni kwamba huko waamuzi ndio wanaotoa alama, na mtazamaji anaweza kulalamikia upendeleo. Katika riadha, saa haina mpendwa.

Kwan wa Kenya, tukimtafuta, ni Catherine Ndereba. Mzawa huyo wa Nyeri alishinda Boston Marathon mara nne, mnamo 2000, 2001, 2004 na 2005, na Chicago mara mbili. Oktoba 2001, mjini Chicago, aliandikisha rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 18 na sekunde 47, akiwa mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 19. Rekodi hiyo ilidumu mwaka mmoja tu. Mwingereza Paula Radcliffe aliivunja katika barabara hizo hizo za Chicago, Ndereba akimaliza wa pili, kisha mnamo 2003 akaishusha hadi saa 2, dakika 15 na sekunde 25 mjini London.

Kwa saa peke yake, Radcliffe alikuwa katika daraja lake binafsi, na mjini Helsinki mnamo 2005 alimshinda Ndereba kwa zaidi ya dakika moja katika mashindano ya dunia. Lakini tazama Olimpiki. Mjini Athens mnamo 2004, kwenye joto kali na milima, Radcliffe aliketi kando ya barabara mwendo wa kilomita 36. Ndereba, aliyekuwa nyuma sana mapema, aliwapita wapinzani mmoja mmoja hadi akafika wa pili, sekunde 12 tu nyuma ya Mjapani Mizuki Noguchi. Mjini Beijing mnamo 2008 alitwaa fedha tena akiwa na umri wa miaka 36, huku Radcliffe akiwa wa 23. Ongeza mataji ya dunia ya Paris 2003 na Osaka 2007. Katika mashindano hayo matano makubwa, Ndereba hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili.

Sababu inaeleweka. Rekodi nyingi hupatikana katika barabara tambarare, siku za baridi, mara nyingi kukiwa na watu waliolipwa kuongoza kasi. Olimpiki na mashindano ya dunia hayana viongozi wa kasi, na mara nyingi hufanyika wakati wa joto. Anayetegemea mwendo mmoja wa juu hujikuta pabaya. Anayejua kusubiri hufaidika.

Jambo hili lina uzito kwa wateuzi kwa sababu nafasi za marathoni ya Olimpiki ni tatu tu, na Kenya ina wanawake wengi wanaostahili. Katika mbio za uwanjani, mchujo wa kitaifa huamua mengi hadharani. Katika marathoni, wateuzi hulazimika kulinganisha karatasi: muda wa huyu dhidi ya ushindi wa yule. Mjini Sapporo mnamo 2021 Kenya ilikuwa na Brigid Kosgei, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 14 na sekunde 4, na Ruth Chepng’etich, bingwa wa dunia wa 2019. Dhahabu ilikwenda kwa Peres Jepchirchir, Kosgei akiwa wa pili, naye Chepng’etich hakumaliza. Chepng’etich aliweka rekodi ya saa 2, dakika 9 na sekunde 56 mnamo 2024, lakini mnamo 2025 alipigwa marufuku ya miaka mitatu baada ya kupatikana na dawa iliyopigwa marufuku. Jepchirchir aliendelea kushinda: New York 2021, Boston 2022, London 2024, na taji la dunia mjini Tokyo mnamo 2025, ambako alimpiku Mwethiopia Tigist Assefa kwa sekunde mbili karibu na utepe. Assefa amewahi kukimbia kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53.

Wapo wachache ambao mizani zote mbili huwapa uzito sawa. Vivian Cheruiyot ni mmoja: mataji manne ya dunia uwanjani, dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 mjini Rio akiwa tayari mama, kisha London Marathon mnamo 2018. Hellen Obiri, aliyefanyia mazoezi yake Ngong kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Marekani, alishinda dunia katika ukumbi, uwanjani na mbio za nyika, na mnamo 2025 akafuta rekodi ya New York iliyowekwa na Mkenya mwenzake Margaret Okayo mnamo 2003.

Faith Kipyegon yuko peke yake. Katika mita 1,500 ameshiriki fainali tisa za Olimpiki na dunia kati ya 2015 na 2025: saba alishinda, mbili alikuwa wa pili, na moja ya hizo mbili, Doha 2019, ilikuja mwaka mmoja tu baada ya kujifungua. Katika masafa hayo hayo ameandikisha rekodi ya dunia mara tatu, ya mwisho ikiwa dakika 3 na sekunde 48.68 mjini Eugene mnamo Julai 5, 2025. Siku hiyo hiyo na katika uwanja huo huo, Beatrice Chebet alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 14.