Nunda Hauawi Siku ya Kwanza

Msomaji wa leo akishika ngano ndefu ya safari na mazimwi, aghalabu hulalamika: mbona shujaa hafiki? Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kuwa ucheleweshaji huo ni mbinu kongwe katika fasihi ya Kiswahili, na kwamba mwalimu anayeukata hukata na maana.

Tuitazame ngano ya Sultani Majnuni, iliyosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere jijini London mwaka 1870, katika kitabu chake Swahili Tales. Paka wa sultani anakula ndama. Sultani anasema paka ni wake na ndama ni wake. Wanaliwa wanyama wakubwa zaidi, kisha watu, naye hajali. Anazinduka paka huyo, ambaye sasa ni Nunda mla watu, anapowaua wanawe watatu. Ndipo mwana wa mwisho, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, anapokwenda kumsaka. Anaua mbwa, ngawa, punda milia, twiga, kifaru, hata tembo. Kila mara anarudi akishangilia, na kila mara mama yake anamwambia kuwa huyo siye.

Tukimfikisha kijana kwa Nunda moja kwa moja, tunabaki na habari ya uwindaji tu. Uovu ulikua hatua kwa hatua kwa kulelewa. Ushujaa nao sharti ukue hatua kwa hatua. Shaaban Robert naye aliijua mbinu hii. Katika Adili na Nduguze (1952), twamwona Adili akiwapiga manyani wawili muda mrefu kabla ya kujua sababu.

Jambo hili lina uzito kwa walimu wa mpakani. Huko Buteba, kati ya Busia na Tororo, Kiswahili ni lugha ya biashara: bei, mizigo na nauli. Ni Kiswahili cha haraka. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Kwa mwanafunzi anayeanza, ngano hii hurudia muundo uleule wa sentensi huku jina la mnyama likibadilika. Kufikia kwa tembo, darasa zima huweza kumjibu kijana pamoja na mama.

Basi kipindi kisipotosha, mwalimu asimruke mnyama hata mmoja. Asimame kwenye twiga, aendelee kesho.