Leo na Diane Dillon: wachoraji wawili, mkono mmoja kwenye jalada

Mbele ya kusoma hata neno moja, msomaji anaangalia kwanza picha ya nje ya kitabu. Watu wa biashara ya vitabu Marekani walijua jambo hilo vizuri. Hadithi za kubuni za sayansi, zile za safari za kwenye nyota na maisha ya siku zitakazokuja, ziliuzwa sana katika vitabu vya mfukoni, vyenye jalada laini na bei nafuu. Jalada lilipaswa kumsimamisha mpita njia. Ndiyo maana wachoraji wengi waliweka roketi, roboti na majitu ya kutisha. Bwana na bibi mmoja walichukua njia ingine.

Wapinzani wa shuleni

Leo na Diane Dillon walizaliwa wote mwezi wa tatu 1933, wakipishana siku 11 tu. Leo alikuwa mtoto wa Brooklyn, New York, wazazi wake walitoka kisiwa cha Trinidad. Diane alizaliwa Glendale, California. Walikutana 1953 katika shule ya sanaa ya Parsons, New York. Leo aliona ukutani picha ya kiti, akatambua kwamba aliyeichora anamshinda. Alifikiri ni mwanaume. Kumbe ni Diane.

Wakawa wapinzani wakali, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake. Kisha wakapendana, na wakaoana 1957. Leo alikuwa mweusi, Diane mweupe. New York sheria haikuwakataza, lakini majimbo 16 ya Marekani yaliendelea kukataza ndoa za namna hiyo mpaka 1967, wakati Mahakama Kuu ya nchi ilipofuta sheria hizo.

Ndani ya nyumba kulikuwa hatari ingine: mashindano yale ya shuleni yangeweza kuvunja ndoa. Wakaamua kufanya kazi zote pamoja.

Mchoraji wa tatu

Kwanza walisoma kitabu, wakazungumza juu yake mpaka wapate wazo moja. Mmoja alianza kuchora, mwingine akaendeleza, karatasi ikienda na kurudi. Mwishoni hata wao wenyewe walishindwa kusema mstari huu ni wa nani. Walisema picha ni ya "mchoraji wa tatu", yule anayezaliwa wanapokuwa wawili.

Tangu 1968, nyumba ya vitabu Ace ilitoa mfululizo wa pekee chini ya mhariri Terry Carr. Karibu majalada yote ya mfululizo huo yalichorwa na akina Dillon. Kati ya vitabu hivyo kulikuwa *The Left Hand of Darkness* cha Ursula K. Le Guin, 1969. Hawakukimbilia roketi. Walichora nyuso, alama na mapambo yanayofanana na michoro ya kuchonga kwenye mbao, kusudi msomaji ahisi roho ya hadithi. Mwaka 1971 walipata tuzo ya Hugo ya mchoraji bora. Diane akawa mwanamke wa kwanza kuipata.

Wagenia ndani ya kitabu

Baadaye waligeukia sana vitabu vya watoto. Walipata medali ya Caldecott, heshima kubwa ya wachoraji wa vitabu vya watoto Marekani, mara mbili mfululizo: 1976 na 1977. Mbele yao hakuna aliyefanya hivyo, na Leo alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipokea.

Kitabu cha 1977, *Ashanti to Zulu*, kiliandikwa na Margaret Musgrove. Kila herufi ina kabila moja la Afrika, makabila 26. Kwenye N kuna Wandaka wa Ituri. Kwenye W kuna Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya Kisangani. Katika picha nyingi walitia mwanaume, mwanamke, mtoto, nyumba, chombo cha kazi na mnyama wa eneo lile, kusudi mtoto wa mbali ajue namna watu hao wanavyoishi.

Leo alifariki tarehe 26 mwezi wa tano 2012, akiwa na miaka 79. Diane hakuweka brashi chini. Mwaka 2018 alitoa kitabu cha watoto alichoandika na kuchora mwenyewe, safari hii bila mkono wa mwenzake.