Tashtiti ya Njiani: Kutoka London hadi Mombasa ya Muyaka

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa kwetu Mbololo, aliniuliza: “Prof, kwani Kiswahili hakina shairi la mtu anayetembea tu mjini?” Nilitaka kumjibu papo hapo, nikasita.

Nilipoteremka Mbololo mara ya kwanza kwenda Mombasa, nilikuwa kijana wa njia za mlimani. Kwetu ukikutana na mtu mnasimama, mnaulizana habari za mvua na mbuzi. Pale Mwembe Tayari nikawa naamkua kila mpita njia. Loo! Kabla sijafika Marikiti nilikuwa nimekanyagwa, nimetukanwa na msukuma mkokoteni, na nauli imeniaga mfukoni.

Waingereza wana utungo wa ushamba huo. Mwaka 1716 John Gay alichapisha Trivia, shairi refu la sehemu tatu kuhusu sanaa ya kutembea London: viatu, koti na dalili za mvua, kisha njia za mchana, kisha za usiku. Tashtiti yake imo katika sauti. Virgil aliwafunza Warumi kilimo kwa ushairi mzito. Gay anaiazima sauti ile ile kumfunza mtu kukwepa matope, na kumpisha mwoka mikate asije akampaka unga. Karne nyingi kabla yake, Juvenal alikuwa amemchora maskini anayesukumwasukumwa Roma huku tajiri akipita juujuu, amebebwa. Gay anacheka, Juvenal ana uchungu. Mimi namwamini zaidi Juvenal, labda kwa sababu ya ile nauli.

Na sisi je? Tunaye Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata 1840. Kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha 1979 kinamwonyesha akiutoa ushairi msikitini na kuutia sokoni: njaa, fitina, mapenzi, vita vya Wamazrui na Sayyid Said. Lakini hamfunzi mtu kutembea. Wa nini? Katika vichochoro vya Mombasa ile, nani angepita asijulikane ni mwana wa nani? Kejeli ya Muyaka humlenga mtu mwenye jina. Ya Gay ni ya mji uliojaa wageni wasioamkuana, na Mombasa niliyoikuta mimi ilikwisha kuwa mji huo.

Tena tungo za Muyaka zilinusurika padogo. Mwalimu Sikujua alizikusanya, mmishonari William Taylor akaziandika, Hichens akazichapisha 1940. Hizi kejeli za utingo na wachuuzi wa leo, anaziandika nani?

Basi nilimwambia yule kijana ateremke Voi na daftari, akae stendi siku nzima. Juma lililopita ameniletea beti tatu. Mizani ya ubeti wa pili imepinda, nimemwambia airekebishe. Ila msukuma mkokoteni yumo, na matusi yake ni yale yale.