Kuitazama Hazina Bila Kuibeba

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia kwa miswada inayotofautiana. Msomaji wa chapa ya William Hichens ya mwaka 1939 huyaona zaidi maamuzi ya mhariri kuliko mvutano wa nakala zenyewe. Waandishi wa programu za kompyuta walikabiliwa na tatizo lilo hilo, wakalitatua kwa namna inayostahili kuonewa wivu na wanafasihi.

Dick Grune aliitoa CVS hadharani mwaka 1986: mfumo unaohifadhi kila toleo la matini, jina la aliyeibadili na maelezo yake. Subversion ilianza mwaka 2000. Hata hivyo, kwa kawaida msomaji alilazimika kupakua nakala ya kazi na kuzijua amri za maandishi. Bill Fenner aliufungua mlango kwa cvsweb, iliyoonyesha historia ya mafaili ndani ya kivinjari. Greg Stein akafuatia na ViewCVS. TortoiseSVN ikaongeza dirisha la kuipekua hazina moja kwa moja kwenye seva. Git ilipozaliwa mwaka 2005, Kay Sievers aliiandikia gitweb mwaka huohuo.

Kiswahili nacho kilikuwa kimeshabisha hodi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice. Katika kazi ya namna hiyo kila neno la menyu ni hukumu: Watanzania wengi husema kompyuta, ilhali vitabu vya shule vya Kenya vimeizoea tarakilishi. Kamusi hutupa hukumu. Hazina ya matoleo yaweza kutupa mwenendo wa kesi.

Jambo hili lina uzito Louisville, Columbus na Buffalo, miji iliyowapokea wakimbizi wa mashariki ya Kongo na Wasomali, baadhi yao wakiwa wamekulia katika kambi za Kenya. Kiswahili chao ni hai, lakini mara chache huitwa kwenye baraza la istilahi. Kijana wa Buffalo aliye mbele ya kompyuta ya maktaba, asiyeruhusiwa kupakua chochote, aweza kusoma nani alibadili neno, lini, na kwa hoja gani.

Kutazama si kuandika: ruhusa ya kubadili hubaki kwa wachache. Lakini anayepewa neno la mwisho pekee hana ila kulikubali au kulikataa. Aliyeiona hoja aweza kuijibu.